Msimbo kwenye mwangwi: anza na ile 58

Wanaoniuliza kuhusu HC-SR04, kihisi kinachopima umbali kwa mwangwi wa sauti, karibu wote wanataka kitu kimoja: kipime hadi milimita. Wamesikia kwamba ukituma sauti yenye msimbo, yaani mpangilio maalumu wa mawimbi, badala ya mlio mtupu, usahihi unapanda. Ni kweli, ila kwanza fungua programu yako uitafute namba 58. Mifano mingi ya mtandaoni huchukua muda wa mwangwi kwa mikrosekunde na kuugawa kwa 58 ili kupata sentimita. Hesabu hiyo ni ya hewa yenye nyuzi 22 hivi. Mchana wa Dar es Salaam, kwenye nyuzi 32, sauti inakwenda karibu mita 351 kwa sekunde, na ukuta ulio umbali wa mita 3 utausoma pungufu kwa sentimita 5. Msimbo hautakurudishia hizo sentimita. Weka kipimajoto cha DS18B20, mbali na bodi inayopata moto, kisha kokotoa kasi: 331.3 jumlisha 0.606 mara nyuzijoto.

Msimbo una kazi nyingine. HC-SR04 hutoa mawimbi 8 ya kHz 40, halafu husubiri mwangwi uvuke kiwango fulani. Mwangwi nao hauji kwa kishindo, unakua wimbi baada ya wimbi. Ukiwa dhaifu, unavuka kiwango ukiwa umechelewa wimbi moja au mawili, na kila wimbi ni milimita 4 na ushee. Ndiyo maana namba inacheza wakati hujagusa kitu. Karakana yenye kompresa ni balaa zaidi: mpira unaovuja hewa hutoa sauti hadi kwenye kHz 40, na kihisi kinaona vitu visivyokuwepo.

Mimi hutumia msimbo wa Barker wa biti 13: +++++−−++−+−+. Palipo na alama ya kutoa, wimbi linageuzwa kichwa chini. Sauti ikirudi unairekodi, kisha unatelezesha nakala ya msimbo juu ya rekodi, ukizidisha na kujumlisha kila hatua. Vikilingana jumla ni 13, kwingineko haizidi 1. Kelele ya kompresa haina mpangilio huo, kwa hiyo sehemu kubwa inajifuta yenyewe.

Usijaribu kuyafanya haya kwa HC-SR04 jinsi ilivyo, kwa sababu mawimbi yake 8 inayapanga yenyewe na kukupa muda tu. Nunua vile vikopo viwili vya kHz 40, kimoja cha kutoa sauti na kingine cha kuipokea, peke yake, uviendeshe mwenyewe. STM32 ndogo (chipu ya kuendesha programu) yenye kumbukumbu ya KB 20 inatosha: sampuli, yaani vipimo vya sauti, 200,000 kwa sekunde kwa milisekunde 25, baiti 2 kila moja, ni KB 10, na unafika zaidi ya mita 3.

Ugumu uko kwenye vikopo vyenyewe. Ni vizito kubadilika, ukigeuza wimbi vinachukua muda kutulia. Kila biti nimeipa mawimbi 16, yaani milisekunde 0.4, hivyo msimbo mzima ni milisekunde 5.2. Ukitumia kikopo kimoja kutuma na kupokea, chochote kilicho chini ya sentimita 91 kitarudisha mwangwi kikopo kikiwa bado kinalia. Kwa simtanki ya nyumbani huo ni upuuzi, na mlio wa kawaida unakufaa zaidi.

Halafu usidhani kilele cha jumla ni chembamba. Ni mlima mpana kama biti moja, wenye vilele vidogo kila mikrosekunde 25. Tumia umbo la mlima kujua kilele kipi ni chako, kisha pitisha parabola (mstari uliopinda kama upinde) kwenye sampuli tatu za juu yake. Sampuli moja ni kama milimita 0.9. Kwa parabola unashuka chini ya milimita, mradi hewa imetulia.

Kwa kigari kinachotembea, angalia mwendo. Kikiuelekea ukuta kwa mita 1 kwa sekunde, masafa ya mwangwi yanapanda kwa Hz 228 hivi, na ndani ya milisekunde 5.2 wimbi linakuwa limepishana na nakala ya msimbo kwa zaidi ya mzunguko mmoja. Kilele kinapotea kabisa. Kwa sentimita 10 kwa sekunde hutaona tofauti. Changu nimekipangia kisimame kwanza ndipo kipime.