Kwa mkalimani mpya wa hospitali: siri uliyoisikia ni ya nani

Ndugu yangu unayeanza ukalimani hospitalini hapa Marekani, wiki ya kwanza utapewa karatasi nyingi za kusaini. Moja itakuwa ya sheria ya shirikisho inayolinda taarifa za wagonjwa, iitwayo HIPAA, iliyopitishwa mwaka 1996. Usiisaini huku unaangalia saa. Mimi niliisaini hivyo, na miezi michache baadaye nikamuumiza mama ambaye hakunikosea lolote.

Asubuhi nilikuwa nimemtafsiria kwa daktari. Jioni nikaandika kwenye grupu la WhatsApp: "Tumwombee mama mmoja aliyejifungua mapacha leo, mtoto mmoja hali yake si nzuri." Jina sikuliandika, na kwa akili yangu siri ilikuwa imetunzwa. Lakini hapa Lexington, Kentucky, Wakongomani tunajuana, na mwenye mimba ya mapacha mwezi ule alikuwa mmoja tu. Robo saa haikupita, mtu akamtaja, wengine wakaanza kuuliza yuko wodi gani. Mama yake mzazi, aliyeko kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, alipata habari za mjukuu kwa jirani, kabla bintiye hajajua atamwambiaje.

Nilikusudia mema, na kwetu ugonjwa haufichwi: watu huja, huleta chakula, huchanga. Lakini habari ile haikuwa yangu kuitoa. Mwenye haki ya kuwaita watu kitandani ni mgonjwa mwenyewe.

Sasa, nani anabanwa na sheria hii? Wengi wetu tunadhani inamfunga kila mtu. Si hivyo. Marekani haina sheria moja ya shirikisho inayolinda faragha yote kwa jumla; kuna ya afya, kuna ya shule, kuna ya benki, na kila moja ina watu wake. HIPAA inazibana kampuni za bima ya afya, hospitali, kliniki na maduka ya dawa yanayodai malipo kwa mfumo wa kompyuta, pamoja na wale wanaofanya nao kazi kwa mkataba na kugusa taarifa za wagonjwa. Mchungaji akiambiwa na mgonjwa kisha akatangaza madhabahuni, HIPAA haimgusi. Wewe ukimnong'oneza mchungaji huyohuyo, umeivunja.

Kama umeajiriwa na hospitali, wewe ni sehemu ya wafanyakazi wake, na hospitali ndiyo inayopaswa kukufundisha na kujibu ukikosea. Kama umetumwa na kampuni ya ukalimani, kampuni hiyo huwa na mkataba maalumu na hospitali, na tangu kanuni za mwaka 2013 serikali inaweza kuiwajibisha moja kwa moja, bila kupitia hospitali. Kwa hiyo siku ya kwanza uliza: mwajiri wangu hapa ni nani, na afisa wa faragha ni nani? Kila hospitali inalazimika kuwa naye. Andika namba yake ya simu mahali utakapoiona haraka.

Usije ukafikiri kwamba kwa kuwa taasisi ndiyo inayojibu, wewe uko salama. Mwaka 2010, Los Angeles, mtu aliyekuwa mfanyakazi wa hospitali ya chuo kikuu alihukumiwa miezi 4 jela kwa kufungua mafaili ya wagonjwa bila sababu ya kazi. Hakuuza taarifa hizo. Alizifungua tu na kuzisoma. Faini kwa taasisi hutozwa na Ofisi ya Haki za Kiraia iliyo chini ya wizara ya afya, lakini jela anaingia mtu.

Ukikosea, au ukimwona mwenzako amekosea, sema siku hiyohiyo. Hospitali ina siku 60 tu, na hizo ndizo za mwisho kabisa, kumwarifu mgonjwa kwamba taarifa zake zimevuja. Siku hizo huanza kuhesabiwa tangu mfanyakazi yeyote, asiye mkosaji mwenyewe, alipojua. Ukinyamaza wiki tatu kwa kumwonea haya mwenzako, wiki tatu za mgonjwa zimeliwa. Mimi nilimpigia afisa wa faragha kesho yake asubuhi, mikono inatetemeka. Nikasimamishwa kazi kwa muda, nikarudishwa darasani. Kumwomba yule mama radhi kulikuwa kugumu kuliko adhabu yote.

Ukiitwa shuleni, sheria ni nyingine, FERPA ya mwaka 1974. Haki ya kuona rekodi ni ya mzazi mpaka mtoto afike miaka 18 au aingie chuo. Hapo inahamia kwa mtoto. Waeleze wazazi mapema, maana wengi hushtuka chuo kikikataa kuwapa alama za mtoto wanayemlipia ada.

Kuna na kijidaftari chako. Utaandika vipimo vya dawa, tarehe, jina la ugonjwa. Mimi kabla ya kutoka wodini hulichana lile karatasi, nikalitia kwenye sanduku lenye kufuli la karatasi za kusagwa. Halipandi gari langu. Na kanisani wakiniuliza, "Kaka, eti mama fulani amelazwa?" huwajibu, "Waulizeni watu wa nyumbani kwake." Hata nikijua kwamba hajalazwa, jibu ni hilohilo, nikibadilisha siku moja, watajua tofauti yake.

Baada ya kisa kile baadhi ya kina mama wa hapa walianza kuomba mkalimani wa simu, sauti ya jimbo la mbali, wasikutane naye sokoni. Siwalaumu. Leo kabla sijaanza kutafsiri humwambia mgonjwa: "Mama, tukikutana nje sitakusalimia mpaka unisalimie wewe kwanza. Usinione nina dharau." Kwetu kumpita mama bila shikamoo ni ukosefu wa adabu, ndiyo maana namwambia mapema. Wengine hunisalimia, wengine hupita, nami nawaacha wapite.