Maswali ya Wasomaji: Je, Mawe Yanaweza Kurudisha Rutuba Shambani?

SWALI: Ndugu Mhariri, shamba langu lipo Nzega, kwenye mteremko mdogo wenye udongo wa kichanga na mawe mengi. Mvua za kwanza husomba samadi niliyotandaza na kuipeleka mbugani. Nataka kupanga mawe ili kuizuia, lakini jirani yangu anasema maji yataubomoa ukuta huo. Nifanyeje?
Msomaji, Nzega, Tabora

JIBU: Jirani yako yuko sahihi kuhusu ukuta, ila unachohitaji si ukuta. Kinga ya mawe, yaani mstari wa mawe unaokatiza mteremko, huwa na kimo cha sentimita 20 hadi 30 tu, na kazi yake ni kupunguza kasi ya maji, si kuyafunga. Maji hupenya taratibu kati ya jiwe na jiwe, mengine huzama ardhini, na udongo laini, samadi, majani makavu na mbegu za nyasi yalivyokuwa yamebeba hutua upande wa juu wa mstari. Mvua zikiisha, chimbua kidogo hapo: utakuta tabaka la udongo laini juu ya mchanga wako.

Jambo la kuzingatia kuliko yote ni usawa wa mstari, kwa sababu ukiinama mahali pamoja maji yote yatakimbilia hapo na kuchimba korongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakulima wa Yatenga, Burkina Faso, walipimia kwa mpira mwangavu uliojazwa maji, ncha zake zikiwa zimefungwa kwenye fito mbili zenye alama zinazolingana. Maji yakisimama kwenye alama ileile kotekote, sehemu hizo mbili zina usawa mmoja. Tafadhali usikadirie kwa macho.

Anzia juu ya shamba. Chimba mfereji wa kina cha sentimita 5 hadi 10, zika humo mawe makubwa, kisha ziba mianya kwa madogo. Kwenye mteremko kama wako, mita 15 hadi 30 kati ya mstari na mstari zinatosha.

Hata hivyo, mawe hayalishi mmea. Hutunza kile unachoweka. Endelea na samadi, na ikiwezekana iweke kwenye vishimo vya kupandia mtama au mahindi badala ya kuitandaza. Kusomba mawe ni kazi nzito, hivyo ifanye kiangazi kwa mkokoteni wa ng'ombe, na mifugo ikishamaliza kula mabua, rudishia mawe iliyoyasukuma kabla ya mvua za Novemba.