Kabla hujanunua mbolea, angalia nguo zinakaukia wapi

Mwaka jana, mwezi wa tano, nilipanda mboga nyuma ya nyumba. Tunakaa Moshi, upande wa Rau, nyumba ya kupanga na kiwanja chenyewe kidogo. Mbele kuna pa kuegesha gari na maua ya mama mwenye nyumba ambayo hayaguswi. Nyuma kumebaki kipande chembamba, upana mita moja na nusu hivi, kati ya ukuta wa nyumba na fensi. Nikakilima, nikamwaga samadi debe sita, nikapanda mchicha na nyanya. Mbegu ziliota vizuri, na ndiyo maana nilichelewa kushtuka.

Kufika katikati ya Juni, mchicha ulikuwa umerefuka bila kunenepa. Shina jembamba kama kamba ya kiatu, majani matatu juu, rangi yake kama chai iliyozidiwa maziwa. Nyanya zilijinyoosha, zikapinda zote upande mmoja kuelekea fensi, mwisho zikalala. Nikaenda duka la pembejeo. Kijana akaangalia picha kwenye simu, akasema, "Mangi, hapo naitrojeni imekwisha," akanipimia urea kilo mbili. Niliiweka. Kijani kikaongezeka kidogo kwa wiki moja, halafu mashina yakalegea kuliko mwanzo na vidukari wakahamia. Nikarudi dukani, safari hii nikauziwa dawa. Ukipiga hesabu, ningekula nyama mwezi mzima.

Aliyenifumbua macho si bwana shamba, ni dada anayetusaidia kazi za nyumbani. Siku hiyo nilikuwa namlalamikia kwa nini kamba ya kuanikia kaihamishia mbele, wageni wakija wanapokelewa na shuka. Akanijibu bila kuinua macho kwenye beseni: "Baba Junior, huku nyuma nguo hazikauki. Tangu mwezi wa tano jua haliingii."

Nilikuwa nimeshika bomba la dawa mkononi. Nikaliweka chini.

Usanisinuru tulifundishwa shule ya msingi. Nilikariri kama wenzangu: mmea unachukua maji kutoka ardhini na kabonidayoksaidi kutoka hewani, unatumia mwanga wa jua na klorofili, ile rangi ya kijani, unatengeneza sukari na kutoa oksijeni. Nikapata vema yangu, nikaendelea na maisha. Ambalo halikuniingia kichwani ni kwamba mbolea si chakula cha mmea. Mmea unajipikia wenyewe ndani ya jani, na sehemu kubwa ya mwili wake mkavu imetoka hewani.

Jan Baptist van Helmont, wa Ubelgiji ya leo, alilipima jambo hili kwa mizani katika karne ya 17. Alipanda mche wa kilo kama 2.3 ndani ya chombo chenye udongo mkavu wa kilo 90 hivi, akawa anamwagilia maji tu. Baada ya miaka 5 mti ulifika karibu kilo 77, na udongo ulikuwa umepungua gramu 57 hivi. Gramu 57 ni kama vijiko vinne na nusu vya mezani vya sukari. Yeye alidhani uzito wote ule ni maji. Hewa hakuitilia maanani. Mwaka 1779 Jan Ingenhousz, Mholanzi, alionyesha kwamba sehemu za kijani ndizo zinazofanya kazi hiyo, na zinaifanya kukiwa na mwanga tu.

Mbolea basi ni ya nini? Ni ya kutengenezea vyombo vya jikoni. Kila molekuli ya klorofili ina chembe moja ya magnesi katikati, imeshikwa na naitrojeni nne. Zikikosekana, jani linapauka kweli, hata juani. Hapo yule kijana wa dukani angekuwa sahihi. Ila mimi nilikuwa nanunua masufuria mapya kwa jiko lisilo na kuni.

Sasa kuhusu hilo jua, maana hapa ndipo watu wengi wa mjini tunapokosea. Moshi iko kama nyuzi 3 kusini mwa ikweta. Tunadhani jua linapita utosini mwaka mzima, lakini linatembea. Juni linapita kaskazini, upande wa Mlima Kilimanjaro. Desemba linapita kusini, upande wa TPC, kwenye mashamba ya miwa. Nyumba yangu inatazama mlima, kwa hiyo bustani yangu iko kusini mwa ukuta. Ukuta wa mita 3, mwishoni mwa Juni saa sita mchana, unatupa kivuli cha mita moja na nusu kwenda kusini, na asubuhi na jioni kivuli hicho kinarefuka zaidi. Maana yake tuta langu halikuona jua hata dakika moja siku nzima. Ongeza mawingu ya Juni mpaka Agosti, siku ambazo hata mlima hauonekani, uone mchicha ulikuwa unaishi kwa nini.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza haugharimu kitu. Kabla ya kulima, chomeka kijiti, kitazame asubuhi, mchana na jioni, uhesabu saa ambazo jua linakipiga. Kwa nyanya na hoho tafuta saa sita au zaidi. Mchicha nao ni wa jua. Wenyewe, pamoja na mahindi na miwa, una namna ya kuikusanya kabonidayoksaidi na kuirundika ndani ya jani, kwa hiyo jua kali na joto unavigeuza faida. Kuupanda kivulini ni kuuonea. Mnafu na chainizi zinavumilia kivuli kiasi.

Na wapo wanaokitaka. Nikipanda mlimani kwa wakwe Kibosho naona kihamba, shamba letu la Wachagga la kuzunguka nyumba, kilivyogawana jua kwa ghorofa: juu miti mirefu ya mruka na mringaringa, katikati migomba, chini kahawa, majani yake mapana, kijani cha kukolea. Kahawa ya arabika ni mti wa asili ya msituni, jani lake linatosheka na mwanga mdogo tu. Shemeji yangu anataka kukata mruka "kahawa ipate jua". Tumebishana mpaka mbege ikaisha.

Mengine ni madogo. Mmea wenye kiu hufunga vitundu vya majani vinavyoingiza hewa, na vikifungwa upishi unasimama hata kama jua linawaka, kwa hiyo mwagilia asubuhi. Vumbi la barabarani wakati wa kiangazi nalo ni pazia, lisuuze.

Mwanangu hakuamini habari za jani kupika, tukafanya jaribio. Tulibana utepe wa karatasi nyeusi juu na chini ya jani la mharage lililo juani, siku mbili. Jioni tukalichuma, tukalichemsha dakika moja, tukazima moto kabisa ndipo tukaliweka kwenye glasi ya spiriti iliyosimama ndani ya maji ya moto. Spiriti ikageuka kijani, jani likawa jeupe. Tukalisuuza, tukadondoshea iodini ya duka la dawa. Jani lote likaenda buluu-nyeusi, hiyo ndiyo wanga, ila mstari wa utepe ukabaki na rangi ya iodini tu. Dogo aliutazama muda mrefu, akauliza, "Kwa hiyo hapa lililala njaa?"

Leo ni Oktoba. Wiki iliyopita dada amerudisha kamba nyuma ya nyumba. Nami nimenunua mbegu za mchicha.