Isoniazidi moja, ndugu wawili

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi na mdogo wangu, baba mmoja mama mmoja, tunameza isoniazidi ya kinga ya TB, miligramu 300 kwa siku. Mimi sina neno, yeye usiku nyayo zinamwaka moto. Dawa imegeuka sumu? Na mwanangu wa kilo 10 akikiokota kidonge?

JIBU: Marahaba, na mpe pole. Huenda ini lake linaivunja dawa hiyo taratibu kuliko lako. Kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya kiitwacho NAT2, na kila mtu hurithi nakala mbili za jeni yake, moja kwa baba, moja kwa mama. Aliyepata mbili za polepole, nusu ya dawa humchukua saa 2 hadi 5 kutoka. Mwenye kasi, saa 1 hadi 2. Kwa hiyo tumbo moja huweza kuzaa wote wawili. Barani Afrika karibu nusu ya watu ni wa polepole.

Isoniazidi ikikaa mwilini hunasa vitamini B6 na kuipeleka kwenye mkojo. Mishipa ya fahamu huumia: ganzi vidoleni, kisha moto nyayoni. Je, anameza piridoksini, yaani hiyo vitamini B6, kile kidonge cha miligramu 25? Wengi hukiacha wakidhani ni vitamini tu, na hilo ndilo kosa. Arudi kliniki wiki hii aongezewe. Isoniazidi asiikatishe mwenyewe. Ila macho yakiwa ya manjano au mkojo kama chai ya rangi, asimeze tena, aende siku hiyo hiyo.

Kwa mtoto, urithi ni jambo la baadaye. Kwanza ni wingi wa dawa. Kidonge kimoja kwa kilo 10 ni miligramu 30 kwa kilo, kinatosha kuleta degedege, mara nyingi ndani ya dakika 30 hadi saa 2. Diazepamu, dawa ya kawaida ya degedege, peke yake huenda isilizime, kwa sababu ubongo umekosa B6 ya kutengenezea kemikali inayoutuliza. Hospitali humpa piridoksini ya mshipa, gramu kwa gramu ya alichomeza. Kiasi kisipojulikana, miligramu 70 kwa kilo, isizidi gramu 5. Usimtapishe: degedege likimkuta anatapika, matapishi huingia mapafuni. Hesabu vidonge vilivyobaki, beba na chupa yake, uondoke hata kama bado anacheza.