Moshi ukitanda njiani: shuka kabla kichwa hakijachoka

Mwishoni mwa Julai 2021, nikiwa nimeshatembea zaidi ya kilomita 1,900 kutoka mpaka wa Mexico, niliamka nikakuta hema langu limefunikwa na kitu cha kijivu. Nikadhani ni vumbi la njia. Nilipokigusa kikasagika vidoleni kama unga, na pembeni yake kulikuwa na jani la msonobari, jembamba kama sindano, limeungua likawa jeusi lakini halijavunjika. Yalikuwa majivu; upepo ulikuwa umeyaleta pamoja na jani hilo kutoka kwenye moto wa msituni ulioitwa Dixie, kaskazini ya pale nilipolala.

Siku ile nilipaswa kushuka, lakini sikushuka. Pacific Crest Trail, njia ya miguu niliyokuwa naitembea, ina urefu wa kilomita 4,265 hivi, kuanzia California, kupitia Oregon na Washington, hadi mpaka wa Kanada. Mtu akishaitembea miezi mitatu, kuruka hata kilomita moja kunamuuma kweli. Nilisikia kwamba mbele njia imefungwa, nikajiambia nitatembea hadi penye kizuizi ndipo nitoke. Zikawa siku mbili ndani ya moshi. Jioni ya siku ya pili kichwa kilikuwa kinagonga, mate yamebadilika rangi, na mlima ambao wiki iliyotangulia ningeupanda huku napiga soga ulinikalisha chini mara nne. Lililonitisha zaidi ni ramani: niliikodolea macho karibu dakika ishirini nikishindwa kuchagua kati ya barabara mbili za kutokea, na zote mbili zilikuwa zinafaa. Kikohozi kilinishika wiki tatu.

Kwa hiyo ninachokuomba, wewe unayejiandaa kwa safari kama hii, ni kwamba uamuzi ufanye kabla, ukiwa umeshiba na hewa ni safi. Mimi sasa naandika kwenye karatasi: kipimo cha ubora wa hewa kikipita 150, natoka. Kwa kipimo cha Marekani, kuanzia 101 hewa ni mbaya kwa wenye pumu, wagonjwa wa moyo, wazee na watoto. Kuanzia 151 ni mbaya kwa kila mtu. Na hapo anazungumziwa mtu wa kawaida, si mtu aliyebeba mzigo mgongoni anayepanda mlima huku anahema, akivuta hewa mara kadhaa zaidi ya aliyekaa. Ramani ya moto na moshi ya AirNow, tovuti ya serikali ya Marekani ya ubora wa hewa, inaonyesha namba hizo bure. Kama simu yako haishiki mtandao, beba kifaa cha setilaiti na umwombe mtu wa nyumbani akutumie namba kila asubuhi. Pua usiitegemee: baada ya saa chache inazoea, unadhani hewa imesafika kumbe ni ileile.

Tena kila asubuhi, kabla ya kukunja hema, nataja kwa sauti njia mbili za kutokea, moja mbele na moja nyuma. Moja haitoshi, kwa sababu moto unaweza kuikata.

Kuhusu barakoa, kitambaa cha shingoni hakikusaidii hata ukikilowesha. Chembe zinazodhuru mapafu zina upana wa mikromita 2.5 au chini ya hapo, nazo hupenya kitambaa bila shida. Barakoa ya aina ya N95 huzizuia, mradi ikubane uso vizuri. Mwenye ndevu hewa itampitia pembeni. Mimi niliivaa nikipanda, nikaona pumzi haitoshi, nikawa naivua kila kona, yaani kazi bure. Ukiivaa, punguza mwendo. Kama huwezi kupunguza mwendo, hiyo si siku ya kutembea.

Jambo jingine ambalo sikuambiwa na mtu ni mahali pa kulala. Nililala kando ya ziwa dogo bondeni kwa sababu maji yalikuwa karibu. Usiku hewa ya baridi huteremka na kutulia mabondeni, na moshi hutuama pamoja nayo. Alfajiri sikuiona ng'ambo ya ziwa. Nilipopanda mita mia mbili hivi nikatokeza juu ya moshi kama mtu anayetoka majini, jua likiwa jekundu, na bonde lote chini yangu limejaa kijivu. Hema halichuji hewa. Ni afadhali kubeba maji ya ziada ukalale juu zaidi, ila si kileleni: kama kuna moto chini yako, hupanda mteremko kwa kasi kubwa.

Njia ikifungwa, imefungwa. Kuingia msitu wa serikali uliofungwa kunaweza kukutoza faini hadi dola 5,000 na kifungo cha hadi miezi sita, lakini mimi huwafikiria zaidi watakaotumwa kukutafuta. Mwishoni mwa Julai 2022, moto wa McKinney ulipolipuka karibu na mpaka wa California na Oregon, watembeaji wapatao 60 iliwabidi wahamishwe, na hao hawakuwa wamevunja sheria yoyote.

Nilishuka kwa barabara ya msituni, nikaomba lifti, nikaendelea kutoka Ashland, Oregon. Nililia ndani ya gari, sikufichi. Wiki chache baadaye, kuanzia usiku wa Agosti 31, karibu misitu yote ya taifa ya California ilifungwa kwa karibu wiki mbili, na wenzangu waliobaki nyuma wakingoja walikwama.

Kipande kile nilikirudia 2023. Ukipita palipoungua, chujio la maji huziba upesi kwa majivu, hivyo chota maji uyaache yatuame kwanza. Ardhi nayo ina mashimo pale mizizi ilipoungua chini kwa chini. Ila cha kuogopa hasa ni miti iliyokufa ikiwa imesimama. Mchana upepo ulivuma kidogo tu nikasikia mmoja ukianguka, kisha mwingine karibu zaidi. Nilikuwa nimechoka na kivuli kilikuwa kinaniita, lakini nilitembea saa mbili zaidi hadi nikapata mwamba mtupu, usio na mti wowote wa kuufikia, nikatandika hapo.