Kuanzisha projekta mbili kwa mkono

Umeuliza kama mafundi wawili, kila mmoja na laptopu yake, wanaweza kuanzisha video kwa pamoja kwenye projekta mbili zinazomulika kuta mbili za nje huku onyesho likiendelea. Inawezekana, lakini video ya picha 25 kwa sekunde hubadilisha picha kila baada ya milisekunde 40, ilhali mtu anayesubiri kusikia "sasa" huchelewa kubonyeza kwa takriban sehemu ya tano ya sekunde. Kwa hiyo hesabuni pamoja kwa mdundo, "tatu, mbili, moja", ili vidole vifuate mdundo badala ya sauti. Gawanyeni video katika vipande vifupi vinavyotenganishwa na giza, ili muanzishe kila kipande upya kwa pamoja, kwani kompyuta zisizounganishwa huachana polepole hata zikianza sawasawa.

Sauti itoke kwenye laptopu moja tu. Nasisitiza hili, kwa sababu jicho husamehe tofauti ndogo kati ya kuta mbili, lakini sikio hunasa mwangwi mara moja. Ikiwa picha moja inavuka kuta zote mbili, tafadhali usitegemee mkono kamwe. Tumieni kompyuta moja inayolisha projekta zote.