Vitabu vya Kikorea rafuni

Swali: Maktaba yetu hapa Kisauni imepewa katoni mbili za vitabu vya Kikorea. Hatujui kuvisoma. Tuvipangeje?

Jibu: Kwa Dewey, mfumo wa kupanga vitabu kwa namba za mada, fasihi namba 895.7, lugha 495.7, historia 951.9. Hayo mepesi. Kazi iko kwenye majina: la ukoo hutangulia, msiligeuze. Tena majina ya ukoo Lee, Yi na Rhee kwa Hanguli, hati ya Kikorea, ni 이 tu. Chagueni tahajia moja, la sivyo ukoo mmoja utatawanyika rafu tatu. Akina Kim ni wengi mno, basi lebo ionyeshe na herufi za jina linalofuata. Vitabu vya zamani vilivyochapwa wima hufunguka kulia. Si kwamba vimejalidiwa kinyume. Na unyevu wetu huu wa pwani! Rafu isiguse ukuta, acheni upana wa kiganja, maana ukungu huanzia nyuma huko.